Nilivyompata mtu wa kuikagua nyumba ya Kira

Nilitaka kununua nyumba Kira, nje kidogo ya Kampala, na dalali alikuwa na kila kitu: nyumba, wakili, hata mkaguzi. "Dada, huyu ndiye injinia wetu, usihangaike." Injinia wao alizunguka robo saa, akagonga kuta mbili kwa kidole, akasema nyumba ni imara. Hakunidai hata shilingi, na hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi. Kama simlipi mimi, nani anamlipa? (Nimekulia kambini, baba askari; maswali yetu mafupi madalali wa Kampala hawayapendi.)

Hati ya kiwanja nilishaihakikisha ofisi ya ardhi ya Wakiso, haina rehani wala zuio. Lakini hati haipandi darini.

Wa pili alikuwa fundi wa jirani yangu. Yeye aliona kasoro kila kona, na kila kasoro alikuwa na bei ya kuitengeneza. Nikamshukuru.

Wa tatu nilielekezwa na mwenzangu kazini. Nilimwomba namba yake ya usajili, kisha nikaiuliza Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama jina lipo na leseni yake ya mwaka huo iko hai. Halafu nikamwomba anionyeshe ripoti aliyomwandikia mtu mwingine, majina yafutwe. Akaleta kurasa kumi na moja zenye picha. Yule wa kwanza nilipomwomba hivyo alicheka tu. Tukaandikiana kwamba hatafanya ukarabati wowote wa nyumba hiyo, na malipo yatatoka kwangu peke yangu: laki saba. Iliniuma, lakini nilikuwa nimekwisha amua.

Ilikuwa Aprili, nikamwita asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha. Kabla ya kugusa ukuta aliomba ramani iliyoidhinishwa na kibali cha kuanza kukaa. Kibali hakikuwepo. Ramani ilionyesha vyumba vitatu, nasi tulisimama kwenye nyumba ya vyumba vitano. Pale viwili vya nyuma vilipoungana na nyumba ya zamani, ufa ulishuka kimshazari kutoka pembe ya dirisha, kidole cha mtoto kinaingia.

Ukuta wa nyuma ulikuwa na rangi mpya, lakini hadi usawa wa goti tu. Akaukwaruza kwa ufunguo: chini yake chumvi nyeupe na unyevu. Kumbe uani walijaza murramu hadi ukapita usawa wa sakafu, maji ya mvua yakawa yanaegemea ukuta. Hilo, alisema, mfereji unalitibu. Akapanda darini na tochi, akakaa muda mrefu hadi nikamwita. Kenchi mbili zilikuwa zimeliwa na mchwa, vijia vyao vya udongo vikipanda kutoka upande wa bafu.

Nikamuuliza, ungekuwa wewe ungenunua? "Mama, hiyo siyo kazi uliyonilipa." Jibu hilo nililipenda kuliko ripoti yenyewe.

Muuzaji alipoisoma ripoti alinyamaza, kisha akamgeukia dalali: "Mbona injinia wetu hakuyaona haya?" Dalali akatazama simu yake.

Tulishusha bei kwa milioni kumi na nane, na kwenye mkataba wakili wangu (si wa dalali) akaandika kwamba awamu ya mwisho italipwa kibali kikipatikana. Mfereji umeshachimbwa, kenchi zimebadilishwa. Kibali bado, na pesa ya awamu hiyo bado iko benki kwa jina langu.