Toa pedali kwanza

Goma, Jumapili jioni

Siku ya Jumapili wamotari wanapungua barabarani, na watoto wanajaza avenyu. Ukisimama kidogo utaona wanafunzi wa velo, yaani baiskeli, wa aina mbili. Mmoja yuko juu ya velo yenye vigurudumu vya pembeni, amekaa wima, na vigurudumu vinagongagonga makoro, yale mawe ya volkano, mara kulia mara kushoto. Mwingine hana velo. Ana chukudu ndogo, skuta ya mbao ya magurudumu mawili isiyo na pedali: goti moja liko juu ya kipande cha sandali kilichopigiliwa misumari, mguu wa pili unasukuma chini, na akifika kwenye kona anailaza chukudu bila hata kuwaza. Kwangu mimi, huyu wa pili ndiye anayejua velo, hata kama hajaipanda bado.

Velo haisimami kwa sababu mtu amekaa wima. Ikianza kuangukia kushoto, mwendeshaji anapinda usukani kidogo hukohuko kushoto, na magurudumu yanarudi chini ya mwili wake. Ndiyo siri yote. Vigurudumu vya pembeni vinazuia velo isilale, kwa hiyo mtoto anapiga pedali miezi mizima bila kujifunza hilo. Mbaya zaidi, anazoea kuegemea nje ya kona. Siku vikitolewa anaanza upya, tena na woga.

Basi usitoe vigurudumu peke yake, toa na pedali. Kwa velo nyingi spana namba 15 inatosha. Pedali ya kulia inafunguka kama skrubu yoyote, lakini ya kushoto inafunguka kinyume: unazungusha kuelekea mshale wa saa unavyokwenda. Hapo ndipo akina baba wengi wanakaza badala ya kulegeza, wanaongeza nguvu, kisha mkono wa pedali unaharibika uzi wake na velo inaishia kwa fundi. Teremsha kiti mpaka nyayo zote mbili za mtoto zikanyage chini akiwa amekaa, magoti yamepinda kidogo. Velo kubwa “ya kukulia” haifai kazi hii, hata kama ilipatikana kwa bei nzuri.

Uwanja ni shida ya mji huu. Changarawe ya volkano inakata goti, na gurudumu la mbele linateleza juu yake mara tu usukani unapopindwa. Majani marefu nayo yanavuta gurudumu, na velo isiyo na mwendo haisimami. Tafuta udongo ulioshindiliwa, uwanja wa shule au wa mpira, wenye mteremko mdogo sana ambao velo inajiendea yenyewe polepole. Jaza upepo wa kutosha. Tairi laini inamchosha mtoto bure. Kofia ikae vidole viwili juu ya nyusi, mkanda ubakize nafasi ya kidole kimoja chini ya kidevu.

Mtoto aanze kwa kutembea amekaa, halafu hatua ndefu, halafu asukume kwa miguu yote miwili na kuinyanyua. Macho yatazame mbali. Akitazama gurudumu, anaanguka. Wewe usishike usukani, maana utamnyang'anya kile hasa anachojifunza. Kama lazima umshike, mshike mabegani au kwapani. Akiweza kuteleza mita kumi miguu iko juu, na kupinda kona pande zote mbili, hapo rudisha pedali. Kuna watakaofika huko mchana mmoja, kuna watakaohitaji wiki. Mtoto wa chukudu mara nyingi hachelewi.

Ila huyo wa chukudu ana deni lake upande wa freni, yaani breki: amezoea kusimama kwa mguu. Kabla ya pedali, mfundishe kubana freni akitembea kando ya velo. Angalia kama vidole vyake vinafika. Mikono mingi ya freni ina skrubu ndogo ya kuisogeza karibu na usukani. Jua pia freni ipi ni ya mbele, maana ikibanwa peke yake kwa nguvu inaweza kumrusha.

Kuondoka, pedali moja iwe juu kidogo na mbele, mguu mmoja chini, akanyage mara moja kwa nguvu. Velo inayofunga freni kwa kurudisha pedali nyuma haikubali kupangwa hivyo kwa mguu: inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali mbele mpaka ifike mahali pake.

Kiti kipandishe taratibu, sentimita moja au mbili, pale tu anapoondoka na kusimama mwenyewe bila kuyumba. Na barabara ya wamotari isubiri mpaka aweze kugeuza kichwa atazame nyuma bila usukani kufuata macho yake.