Kama ungalikuwapo hapa

Wanaokuja kunipa pole wananiambia nisilie. "Jikaze, ni kazi ya Mungu." "Mungu amempenda zaidi." Najua wanasema kwa upendo, na nawashukuru kwa kuja, maana wapo waliokosa la kusema wakaamua kukaa mbali. Ila tangu kaka yangu afariki dunia, maneno hayo yananipita tu. Kilichonishika ni sura ya 11 ya Injili ya Yohana, ninayoirudia usiku usingizi unapogoma.

Marta na Maria walituma habari kwa Yesu kwamba Lazaro hawezi. Yeye akakaa siku mbili zaidi palepale alipokuwa. Alipofika Bethania, ndugu yao alishakuwa kaburini siku nne. Marta akatoka kumlaki, akamwambia, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Baadaye Maria akaja, akaanguka miguuni pake, akasema yaleyale. Nahisi walikuwa wameyasema wao kwa wao muda wote ule wa msiba. Mimi na dada yangu tunayo ya kwetu: kama tungemwahisha hospitali, kama tungefunga na kuomba zaidi.

Yesu hakumkemea hata mmoja. Marta alijibiwa kwa maneno: "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Maria yeye hakuhubiriwa. Yesu alipomwona analia, aliuliza tu wamemweka wapi, kisha akalia machozi. Na alijua anakwenda kufanya nini! Kabla hawajaondoka alishawaambia wanafunzi kwamba anakwenda kumwamsha Lazaro. Hapo ndipo ninapokwama kila ninaposoma, na hapo ndipo ninapopata nafuu. Ikiwa mwenye ufufuo mwenyewe alilia akielekea kaburini, nani ataniambia kwamba machozi yangu ni upungufu wa imani?

Paulo naye hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwaambia wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Ni tofauti kubwa, na natamani tungeikumbuka tunapofariji wafiwa.

Kwangu pagumu zaidi ni ibadani. Kaka aliimba besi. Hakuwa na sauti ya kusifiwa, lakini ilishika chini, na sisi wengine tukaegemea pale. Upo wimbo mmoja ambao sauti zote hunyamaza, besi inashuka peke yake, halafu ndipo tunaingia wote. Sasa tukifika hapo nasubiri sauti yake, wenzangu wanaingia, mimi nimebaki nyuma nimeshika kitabu. Siku kama hizo hata "Bwana asifiwe" hainitoki vizuri.

Nikirudi nyumbani nafungua Zaburi ya 88. Aliyeiandika analia toka mwanzo hadi mwisho, na zaburi inaishia gizani. Hakuna aliyeiongezea shukrani mwishoni ili ipendeze. Hata hivyo, mstari wa kwanza unamwita Bwana "Mungu wa wokovu wangu." Amemkasirikia, amechoka, lakini bado anasema naye. Imani niliyonayo kwa sasa ni ya kiasi hicho, na naamini Mungu anaipokea.

Jumamosi mimi na dada tunakwenda kaburini. Tumekubaliana kwamba hakuna wa kumwambia mwenzake anyamaze. Tutasoma sura ile ya Yohana mpaka pale Lazaro anapotoka, kisha tutaomba, kila mmoja kwa maneno yake.