Mche mmoja mahali saba

Leo asubuhi nimepiga magoti kwenye unyevu, lenzi ya kukuzia mkononi, nikazichungulia primrozi zangu ua kwa ua. Kila mwaka huchanua ile njano yao hafifu mwishoni mwa majira ya baridi, lakini mbegu hazipatikani, au huwa chache mno. Nilidhani kosa ni la udongo.

Udongo hauna kosa. Zimekaa chini ya mti unaopukutisha majani, penye kivuli chepesi, kwenye mboji isiyokauka. Usiku natoka na tochi kuokota koa. Mche wa kwanza nilipewa miaka mitano iliyopita, na tangu hapo nimeugawa mara mbili. Maua yakishakwisha nauchimbua mzima, nautenganisha taratibu kwa vidole, kila kipande kibaki na majani na mizizi yake, kisha napanda na kumwagilia. Napenda sana kazi hiyo. Sasa ziko saba.

Katikati ya kila ua, pale mrija unapofungukia, nimeona kidonge cha kijani kama kichwa cha pini. Hiyo ni stigma, inayopokea chavua. Vifuko vya chavua vimejificha chini, ndani ya mrija. Ua la pili hivyo hivyo, la kumi hivyo hivyo, mche wa saba hivyo hivyo.

Zipo primrozi za namna nyingine, chavua juu mdomoni na stigma chini. Charles Darwin aliandika kuhusu namna hizi mbili mwaka 1862, akaonyesha kwamba mbegu hupatikana kwa wingi chavua ya namna moja inapofika kwenye stigma ya namna ya pili. Zangu zote ni vipande vya mama mmoja. Nyuki wamekuwa wakihangaika bure.

Nimekaa pale muda mrefu, nimehuzunika kidogo. Miaka yote nimekuwa nikihesabu miche saba, kumbe ni mche mmoja mahali saba.

Jioni nimekwenda kwa jirani, ambaye naye anazo. Nimemwomba ruhusa, nikainama na lenzi yangu. Chavua iko mdomoni! Ameniahidi kipande zikimaliza kuchanua. Nimesharudi na kuchimba shimo, katikati ya zile saba.