Venye tulitoa petroli kwa bweni

Mimi hufundisha shule ya bodingi hapa Nairobi na pia ndio mwalimu wa kaunseling. Hii ilikuwa muhula wa pili, wiki moja kabla ya moki, ile mitihani ya majaribio, na walimu wenzangu mnajua venye shule huwa na joto wakati huo. Jioni kijana wa fom tu akanipata nikifunga ofisi, akasimama tu mlangoni anasokota mkono wa sweta, akasema, "Mwalimu, nikikuambia kitu utanitaja?"

Nikamwambia sitakutaja.

Kumbe kuna mwenzake ameambia marafiki wawili Jumamosi wasilale kwa bweni, na kwa sanduku lake kuna chupa ya soda imejaa petroli.

Nilihisi baridi mwili mzima. Kwetu ukisikia bweni na petroli unakumbuka shule zenye mabweni yalichomwa: Kyanguli 2001, vijana 67 walikufa, halafu Moi Girls 2017, wasichana 10, hapa hapa Nairobi. Naibu wa mwalimu mkuu alitaka msako wa bweni lote na wanafunzi wamepangwa nje, nikakataa kabisa, juu hapo kila mtu angejua kuna mwenye amesema, na huyo kijana angeumia, na mwaka ujao hakuna mtoto angekuja mlangoni kwangu. Tukangoja waingie prepu, yaani masomo ya jioni, mwenye chupa akaitwa ofisini ati ni mambo ya fizi, karo ya shule, sisi tukaenda tukaitoa. Polisi waliambiwa usiku huo huo, hatukuficha.

Nikakaa na huyo mwenye chupa kabla mamake afike. Sikumuuliza kwa nini ulitaka kuchoma watu, nilimuuliza nani anakusumbua. Alinyamaza sana. Halafu akasema tangu Januari wakubwa wa fom foo wanamlaza sakafuni na kuchukua blanketi yake, na aliporipoti kwa mwalimu aliambiwa awe mwanaume. Mwalimu mwenzetu! Hiyo bado inaniuma kuliko chupa yenyewe. Wale wa fom foo waliitiwa wazazi, na yeye alienda nyumbani na mamake, kaunseling ikaendelea huko.

Kesho yake tulizunguka bweni. Mlango wa dharura ulikuwa na kufuli kwa nje, funguo iko kwa soja wa geti, na madirisha mawili yana grili ilhali mwongozo wa wizara wa usalama shuleni wa 2008 unakataza hizo grili. Fundi alizikata siku hiyo hiyo. Drili, yaani mazoezi ya kutoka bweni moto ukitokea, tulifanya pia, lakini tulitangaza mapema, juu Novemba 2015, miezi michache tu baada ya magaidi kushambulia chuo kikuu cha Garissa, chuo kimoja hapa mjini kilifanya drili ya shambulio watu wakadhani ni kweli, wakaruka kutoka juu na mfanyakazi mmoja akafariki. Mara ya kwanza bweni letu lilichukua dakika saba kutoka wote. Sai ni chini ya tatu.

Naibu ameniuliza jina la yule kijana mwenye aliniambia mara mbili. Sijamwambia.