Elementi mpya ilikuwa inakata RCD, sasa imekubali

Imekubali! Boila ya mashine yangu ya espresso imepanda joto, themostati imekata, ikawasha tena, na RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) imetulia tuli.

Elementi ya zamani, ile ya kuchemshia maji ndani ya boila, ilikuwa imekufa kabisa. Multimita ilisoma OL (yaani waya umekatika) kati ya ncha zake mbili, na nilipoichomoa nikakuta bomba limepasuka palepale chokaa ilipojijenga nene. Chokaa inazuia joto lisiingie kwenye maji, bomba linajiunguza lenyewe. Kufungua boila sitaeleza, wengi mmeshafanya. Ila kwa nati iliyogandana, tumieni spana ya boksi ya pembe 6. Ile ya pembe 12 inakula kona za shaba, mimi siiweki hata karibu.

Kilichonikosesha usingizi ni elementi mpya. Imeandikwa 1200 W kwa 230 V, maana yake ohm 44, na nilipopima nikapata 44 kamili. Kati ya ncha na ganda multimita ilitoa megaohm kadhaa, namba ikichezacheza. Nikafunga, nikajaza maji, nikawasha. Maji yanaanza kuimba, halafu pa! RCD inazima nyumba nzima. Ukiwasha palepale, inakata. Ukiiacha ipoe, inakwenda kidogo, kisha inakata tena. Nikatenga pampu, nikatenga solenoidi (vali ya umeme), nikakausha viunganishi vyote. Elementi ikibaki peke yake kwenye umeme, mambo ni yaleyale.

Hiyo tabia ya kukata ikishapata moto ndiyo iliyonipa fununu. Waya wa ndani umezungukwa na unga wa magnesiamu oksidi. Unga huo unapitisha joto vizuri na kuzuia umeme, lakini unapenda unyevu mno. Mihuri ya ncha ikiwa dhaifu na elementi ikakaa stoo muda mrefu, inakunywa unyevu wa hewa taratibu. Ohm 44 inakuambia waya ni mzima, basi. Kuhusu unga haikuambii kitu.

Nikaazima mega, kifaa kinachopima uvujaji kwa volti nyingi, nikaipima elementi kwa volti 500: megaohm 0.08! Ikiwa baridi, hiyo ni kama miliampea 3 zinazovuja kwenda athi, na RCD ya miliampea 30 inazivumilia. Ikipata moto, ukinzani unaporomoka na uvujaji unapanda hadi RCD inaruka. Multimita inapima kwa volti chache tu, kwa kazi hii haitoshi. Anayetengeneza chochote kinachochemsha maji awe na mega, hata ya bei ya chini, kabla hajafikiria kununua multimita ya kifahari.

Nikaitoa elementi, nikavua gasketi, nikaiweka kwenye oveni nyuzi 120. Kila baada ya muda naitoa, napima upesi, narudisha. Mwanzoni namba ilishuka badala ya kupanda, na hapo wengi wangeitupa. Unyevu unatawanyika ndani kwanza ndipo utoke. Baadaye ikaanza kupanda: 0.5, 2, kisha 20. Ilipopoa ikapita megaohm 200. Nimeziba ncha kwa silikoni ya joto kali ikiwa bado vuguvugu, isipate nafasi ya kunywa tena. Raha niliyoipata kuiona ile 200 ni kubwa kuliko ya kikombe chenyewe.

Mpango ulikuwa nikimaliza nibadilishe gasketi ya kichwa na kusafisha solenoidi. Vyote vimesubiri, kwa sababu boila ikiwa wazi nilibandika themokapo (kihisi cha joto) pembeni yake, na sasa naona jinsi themostati ya bimetali inavyochelewa kukata na kuchelewa kuwasha. Joto linayumba vibaya! Nataka PID (kidhibiti joto cha kielektroniki) na rilei ya SSR (swichi ya kielektroniki). Kabla ya kuagiza, narekodi mzunguko mzima wa joto na themostati hii iliyopo, mashine ikiwa imetulia na wakati wa kukamua kahawa, ili niwe na cha kulinganishia.