Arudi au asirudi: niliyoyaona Stockport, ninayoyasikia Tanga

Ukishuka Tanga na mabegi makubwa, swali la kwanza ni hili: "Umerudi moja kwa moja au umekuja kutembea?" Nimeulizwa na mjomba, nimeulizwa na jirani, nimeulizwa na fundi baiskeli pale Ngamiani, na hata na dada muuza mihogo ambaye nilimwacha akiwa mtoto wa shule. Nimerudi moja kwa moja. Swali la pili, kwa wanaojua nilikuwa Uingereza, ni la mpira: Arsenal au Man U? Nikijibu kwamba timu yangu ni Stockport County, wengi wananitazama tu, wanasubiri nitaje timu.

Lipo la tatu, nalo silo la kuniuliza mimi. Ni la kijiweni. Muuza kahawa anafika baada ya alasiri, anatua dele lake juu ya makaa, anasuuza vikombe kwenye ndoo, na kashata hazijafika mkononi watu wameshaanza. Coastal Union, timu yetu ya Tanga, ikipoteza mechi mbili za kufuatana, jina la Juma Mgunda, kocha wake wa zamani, linatajwa. Arudi. Mwingine anadakia palepale: asirudi. Adhana ya magharibi inawakuta bado wako palepale.

Wanaomtaka wana hoja nzito. Mgunda ni wa hapa. Alikuwamo kwenye kikosi cha 1988, mwaka Coastal, Wagosi wa Kaya, walipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara, na ubingwa huo haujakanyaga Tanga tena. Mwaka 2016 Coastal ilishuka daraja, na haikushuka peke yake. African Sports na Mgambo JKT nazo zilishuka msimu uleule, mkoa mzima ukabaki bila timu Ligi Kuu. Sisi tulio mbali tulikuwa tunapigiana simu kama watu waliofiwa. Coastal ikapanda tena 2018, na msimu wa kwanza wa kurudi juu aliyekuwa kwenye benchi ni Mgunda. Halafu ikaja fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini, Julai 2022, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, dhidi ya Yanga. Sare ya 3-3, mabao yetu yote matatu akiyafunga kijana Abdul Suleiman 'Sopu', kisha tukapoteza kwa penalti. Niliitazama kwenye simu nikiwa zamu ya usiku, na penalti za mwisho sikuweza kuziangalia. Septemba ya mwaka huohuo Simba wakamchukua Mgunda.

Wasiomtaka nao hawabahatishi. Wanakumbusha msimu wa 2023/24: David Ouma, Mkenya, mtu asiye na mjomba wala shangazi Tanga, aliiweka Coastal nafasi ya 4 na kuipa tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kwa hiyo, wanasema, hii habari ya "mwana wa nyumbani" ni mapenzi tu, mpira hauulizi kabila. Tena mzee mmoja, beki wa zamani wa mchangani, ana neno lake ambalo hulirudia kila siku bila kuchoka: kocha akirudi, watu humdai alichofanya jana kabla hajafanya cha leo.

Neno la huyo mzee ndilo limenifanya niandike, maana ubishi huu nimeushuhudia kwingine kuanzia mwanzo hadi mwisho wake.

Stockport ni mji ulioshikamana na Manchester upande wa kusini. Treni zinapita juu ya daraja kubwa la matofali, na uwanja wa Edgeley Park uko karibu na stesheni, unafika kwa miguu. Ghalani nilikofanya kazi kulikuwa na mzee, fundi wa mabasi aliyestaafu akarudi kazini kwa kuchoka kukaa nyumbani. Ndiye aliyenipeleka mechi ya kwanza. Aliweka chai kwenye chupa, akanigawia kofia ya sufu ya buluu na nyeupe, na njia nzima alinieleza habari za mtu mmoja tu: Jim Gannon.

Gannon aliichezea County miaka ya tisini, miaka ya neema, timu ilipofika nusu fainali ya Kombe la Ligi mwaka 1997. Akawa kocha Januari 2006, timu ikiwa mkiani kabisa, inakaribia kutupwa nje ya ligi. Akaiokoa. Mwanzoni mwa 2007 timu ile ikashinda mechi tisa za ligi mfululizo bila kuruhusu bao hata moja, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanywa na klabu yoyote ya Football League. Langoni alikuwa Wayne Hennessey, kijana wa mkopo kutoka Wolves; katikati ya ulinzi alikuwamo Ashley Williams. Wote wawili walikuja kuwa nguzo za Wales iliyofika nusu fainali ya Euro 2016. Mei 2008, Wembley, County ikaifunga Rochdale 3-2 kwenye fainali ya mchujo ikapanda daraja. Yule mzee alikuwa na tiketi ya siku hiyo ndani ya pochi, imekunjwa mara nne, maandishi yamefutika.

Mwaka mmoja tu baadaye klabu ikaishiwa. Mwezi Aprili 2009 ikawekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi, na Gannon akawa miongoni mwa walioachishwa kazi. Chanzo cha tatizo kilikuwa cha zamani. Mwaka 2005 chama cha mashabiki kilikabidhiwa klabu, lakini uwanja haukuwamo kwenye makabidhiano, ulibaki na mmiliki aliyetangulia. Mashabiki wakawa na timu wasiyo na pa kuichezesha ila kwa kupanga. Ikashuka 2010. Ikashuka tena 2011, safari hii nje kabisa ya ligi.

Kwa msomaji asiyefuatilia mambo ya kule: Uingereza klabu 92 za madaraja manne ya juu ndizo huhesabiwa kuwa "ndani ya ligi". Chini yake kuna ngazi nyingi mno, na zote huitwa za nje ya ligi. Huko unakuta beki ambaye mchana ni fundi umeme, mazoezi ni Jumanne na Alhamisi jioni, na timu nyingine zinaingiza watu mia tatu. County iliyokuwa ndani kwa zaidi ya miaka mia moja ikajikuta huko. Ikaajiriwa sura kubwa, Dietmar Hamann, yule Mjerumani aliyebeba Kombe la Ulaya na Liverpool 2005. Akaondoka baada ya miezi michache. Novemba 2011 Gannon akaitwa arudi.

Mji ulilipuka kwa furaha. Yule mzee wangu hakulala. Nami nilifurahi, ingawa nilikuwa bado mgeni kwenye mambo yao. Lakini kilichorudi ni jina. Wachezaji wa 2008 walikuwa wameuzwa au wameondoka, uwanja bado ulikuwa wa mtu mwingine, hazina ilikuwa kavu, wakubwa wa klabu walikuwa wanabadilishana viti. Watu walimwita kocha wa 2008 wakamkabidhi timu ya 2011. Januari 2013 akafukuzwa, akaletwa mwingine, naye hakumaliza msimu, akaletwa mwingine tena, na Aprili timu ikashuka mpaka daraja la sita. Siku ya mwisho walifungwa 4-0 ugenini Kidderminster. Basi letu la kurudi lilikuwa kimya njia nzima, na yule mzee akasema jambo ambalo sijawahi kulisikia kutoka kwake tena: kwamba anatamani Gannon asingerudi, angebaki na Wembley yake.

Kwa hiyo Januari 2016, zilipovuma habari kwamba Gannon anarudi tena, awe kocha kwa mara ya tatu, ubishi ulikuwa mkali kuliko wowote niliowahi kuusikia. Ndugu walinuniana. Jukwaa la Cheadle End lilikuwa na kambi mbili zinazokaa mita tano kutoka kambi moja hadi nyingine. Wa upande huu wanasema mechi tisa, Wembley. Wa upande ule wanasema 2013, Kidderminster. Mzee wangu, ambaye moyo wake ulikuwa kwa Gannon kuliko mtu yeyote pale, alikuwa kambi ya kukataa. Alisema hataki kumwona mtu anayempenda akifukuzwa mara ya pili.

Ni mama mmoja aliyenifungua macho. Alikuwa akijitolea kupaka rangi vyuma vya uwanja majira ya kiangazi, na siku za mechi aliuza vitabu vya ratiba mlangoni. Hakuwa kambi yoyote. Alituuliza: mara hii anarudia kwenye nini? Akaanza kutaja kwa vidole. Uwanja umenunuliwa na halmashauri ya mji mwaka jana, hautageuzwa nyumba za kupangisha. Watu wanaokuja bado ni elfu mbili na zaidi, daraja la sita, wakati wenzetu wanapata mia nne. Hakuna anayemwahidi mtu kupanda mwaka huu. Basi, akasema, mwacheni afanye kazi.

Na ndivyo ilivyokuwa. Hakupanda msimu wa kwanza, wala wa pili. Msimu wa 2017/18 alimaliza wa 5 na Chorley wakamtoa kwenye mchujo, nyumbani kwake, na wale wa kambi ya kukataa wakainuka tena. Hakufukuzwa. Msimu uliofuata County na Chorley hao hao walikimbizana mpaka siku ya mwisho, Aprili 2019, County ikashinda 3-0 kwa Nuneaton na kuchukua ubingwa wa daraja kwa tofauti ya pointi moja. Nilimwona yule mzee analia mbele ya watu, tiketi ya 2008 mkononi.

Ni kocha yuleyule, na falsafa yake ni ileile ya kumwamini kijana na kupasi chini. Marejeo ya kwanza yalivunjika, ya pili yakazaa. Kilichobadilika ni nyumba aliyorudia.

Sitaki kuficha mwisho wake. Januari 2020 klabu ilipata mwenye fedha, na Januari 2021 Gannon akafukuzwa timu ikiwa karibu na kilele cha daraja la tano, siku chache baada ya kuibana West Ham kwenye Kombe la FA chini ya mvua, majukwaa matupu kwa sababu ya Korona, wakafungwa bao moja dakika za lala salama. Waliofuata wakaipandisha hadi ndani ya ligi 2022, na kuendelea juu. Wapo wanaosema alitupwa vibaya, na mimi ni mmoja wao. Wapo wanaosema matokeo yamejibu. Ubishi huo nimeuacha Stockport bado unachemka.

Niliposimulia haya kijiweni yule beki wa zamani alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Mwanangu, sisi hatuna halmashauri ya Stockport." Ni kweli. Tanga si Stockport, na Mgunda si Gannon. Mgunda ameshafundisha Simba, hahitaji kuthibitisha lolote kwa mtu wa Ngamiani. Ila lile swali la mama wa mlangoni linafaa hapa pia, tena kabla ya jina lolote kutajwa, liwe la Mgunda, la Mkenya mwingine au la kijana asiyejulikana. Anarudia kwenye nini? Atapewa misimu mingapi, na imeandikwa wapi? Sopu mwingine akitokea, atauzwa kwa mpango gani, na hiyo fedha itasomesha nani mpira?

Mimi mwenyewe ni mtu wa kurudi, na hili naliona kila siku. Wanaonipokea wanamkumbuka yule aliyeondoka. Wanamdai yeye, wanamsalimia yeye. Wanaonisaidia kweli ni wachache, wale walioniuliza: una pa kukaa, umepata shughuli, kiwanja cha mzee bado kina hati? Hao ndio wamenifanya nikae.

Ikipigwa kura kijiweni, na hayo maswali yakiwa na majibu, mimi nasema arudi. Yakiwa hayana, nasema tumwache na heshima yake ya Arusha. Yule beki bado anakataa vyovyote iwavyo, na tumeshazoeana.

Nimeomba kadi ya uanachama wa Coastal. Mkutano mkuu ukiitishwa nitakwenda, na nitakaponyoosha mkono nitauliza habari za timu ya vijana: inafanya mazoezi wapi, saa ngapi, nani anailea, na akiondoka huyo nani anabaki nayo. Kocha wa wakubwa atajadiliwa na wengine, wapo wengi wa kumjadili.