DX ya Likoni na mkia uliokuwa ukitangulia

Toyota Corolla DX ya mwaka 1983 ilipoletwa gereji, Shimanzi, Mombasa, msimu wa kusi wa 2018, injini yake mpya haikuwa na la kulalamikiwa. 4K ya mwanzo, ile ya cc 1290, ilikuwa imetolewa, na mahali pake imekaa 4A-GE ya cc 1587 yenye kamshafti mbili, na giaboksi ya T50 nyuma yake. Ilishika kwa ufunguo wa kwanza na ilivuta vizuri. Kilichoharibika ni mwendo wa gari lenyewe.

"Kwenye raundabauti pua haitaki kuingia," alisema mwenyewe, mzee wa Likoni tuliyemwita Ami. "Na nikipiga breki kule Kikambala, mkia wanitoka. Nataka mwirudishe injini nyuma kidogo, mkate hilo bati la miguuni."

Wazo la kuirudisha injini huwajia wengi, kwa hiyo tulilipigia hesabu mbele yake kabla ya kuwasha grinda. Injini na giaboksi pamoja tuliziweka kwenye kilo 160. Ukizisogeza nyuma milimita 30, uzito unaohama kutoka ekseli ya mbele kwenda ya nyuma ni 160 mara 30, ugawe kwa umbali kati ya ekseli mbili, ambao kwa DX ni milimita 2400. Jibu ni kilo 2. Kwa kilo 2 utakata bati, utafupisha propela na kuipeleka ikapimwe mtetemo upya, kisha uanze kusawazisha pembe ya injini na ya difu zisipishane zaidi ya digrii 1. Betri yake ilikuwa ya kilo 15, imekaa karibu juu kabisa ya ekseli ya mbele. Ukiipeleka kwenye buti, milimita 3000 nyuma, utahamisha karibu kilo 19.

"Basi betri," akasema Ami.

Kupima kulikuwa kwepesi, maana Shimanzi ni maghala matupu na mizani ya magunia haikosi. Tuliazima ya kilo 500, tukapima gurudumu moja moja. Hapa wengi hukosea: gurudumu likipanda mizani, yale matatu mengine lazima yakae juu ya mbao zenye kimo kile kile cha mizani. Zikitofautiana hata sentimita 3, uzito hukimbilia pembe nyingine na namba zote huwa za uongo. Tangi likiwa nusu na mtu wa kilo 75 kwenye kiti cha dereva, mbele tulipata 270 kushoto na 283 kulia, nyuma 193 na 206. Jumla 952, na 553 kati ya hizo, asilimia 58, zikiwa mbele. Betri ilipohamia buti, mbele ilibaki na 534. Tuliifunga upande wa kushoto, kwa sababu dereva hukaa kulia. Waya ulikuwa wa milimita za mraba 35, na fyuzi karibu kabisa na betri, chini ya sentimita 30. Waya mrefu namna hiyo usio na fyuzi, ukichubuka kwenye bati, huwasha moto.

Springi tulizikusudia, lakini kwanza tuliingia chini, na huko ndiko kulikuwa na ugonjwa wenyewe. Ekseli ya nyuma ya DX hushikwa na mikono minne ya kwenda mbele, na rodi moja ya kukingama, rodi ya Panhard, inayoizuia isiende kushoto wala kulia. Gari likiwa juu ya magurudumu yake, mmoja alisukuma bodi ubavuni karibu na taa ya nyuma, mwingine akaweka rula kwenye jicho la rodi. Bodi ilisogea milimita 8 kabla ekseli haijafuata. Mpira wa bushi, ile pete inayokaa ndani ya jicho, ulikuwa umechanika duara nzima, ule mrija wa chuma wa katikati umekula upande mmoja wa jicho, na bolti imesuguliwa hadi inang'aa. Mahali inaposhikia bodi, lami nyeusi ilikuwa nzima kwa macho. Tulipoigonga kwa mpini wa bisibisi ililia kama kopo, na bisibisi yenyewe ilipogeuzwa ikapenya. Chumvi ya bahari ilikuwa imelila bati kutoka ndani.

Injini ndogo haikuwa na nguvu za kulifichua hilo. Iliyokuja ilikuwa na nguvu za kuisukuma ekseli pembeni kila mguu ulipotoka kwenye petroli au kukanyaga breki, na mkia ukawa unaelekeza gari kabla usukani haujasema neno.

Tangi la petroli lilitolewa nje kabisa kabla ya kuchomelea, na waya za betri na altaneta zikachomolewa. Kutu ilikatwa hadi bati jeupe, kipande cha milimita 3 kikachomelewa pande zote, kisha rangi, kisha nta ya majimaji ndani ya uwazi. Bushi zote za nyuma zilibadilishwa kwa pamoja. Bolti zake ziliingizwa kwa mkono tu, na kukazwa mwisho gari likiwa limeshuka juu ya magurudumu. Ukikaza bushi ya mpira ekseli ikiwa inaning'inia, mpira hujishika katika mkao huo, na gari likishuka huwa umesokotwa tayari. Haimalizi mwaka. Naamini bushi nyingi nzuri hufa hivyo hapa mjini, kisha lawama wakatupiwa wauzaji wa speya.

Rodi mpya ilikuwa ya kurekebisha urefu, na tulihakikisha imelala sawa kabisa gari likiwa kwenye kimo chake, ili ekseli isivutwe ubavuni kila inapopanda na kushuka.

Kimo chenyewe kiliamuliwa na feri. Ami huvuka Likoni kila siku, na pale rampu inapokutana na sitaha gari la chini hukwaruza krosimemba, kile chuma cha kukingama chini ya injini. Tuliacha milimita 140 chini yake.

Springi za mbele zilikuwa zile za 4K. Tulizipima kwa mifuko ya saruji ya kilo 50, springi ikiwa imesimama kati ya mbao mbili na bomba katikati isipinduke. Mfuko wa kwanza ni wa kuikalisha tu, hauhesabiwi. Miwili iliyofuata ilishusha milimita 52, yaani kama kilo 1.9 kwa kila milimita. Zilizofungwa zilikuwa za kilo 3, fupi kwa milimita 45, kwa kuwa springi ngumu hubonyea kidogo chini ya uzito ule ule. Ami aliuliza kwa nini zile za zamani zisikatwe. Springi ya mizunguko 8 ikikatwa mmoja huongeza ugumu kwa asilimia 14 tu, gari linashuka, na gurudumu likining'inia springi huweza kutoka kitini pake. Za nyuma tuliziacha. Shokabu zilikuwa mpya kote. Springi ngumu juu ya shokabu iliyochoka hufanya gari lirukeruke.

Baa ya kuzuia gari kulala haikuguswa, ingawa Ami aliitaka nene. Kutoka milimita 18 hadi 20 ni ugumu wa asilimia 52 zaidi, na ukiuongeza mbele kwenye gari lenye pua nzito, pua itazidi kukataa kona.

Kasta, yaani jinsi mhimili wa kugeuzia gurudumu unavyolala nyuma, ilisoma digrii 1.5 kulia na 2.25 kushoto, na gari huvutwa upande wenye kasta ndogo. Tulifupisha rodi za mbele, zile zinazovuta mkono wa chini wa gurudumu, kwa nati zake hadi digrii 3 kila upande. Kemba, mlalo wa gurudumu ukilitazama kwa mbele, tuliweka digrii 1 hasi, yaani juu likiegemea ndani. Toini, yaani jinsi magurudumu yanavyoelekeana kwa mbele, tulipima kwa mshipi wa kuvulia samaki, uliokazwa ubavuni mwa gari pande zote mbili, usawa wa katikati ya gurudumu, ukiwa sambamba na mwenziwe. Mshipi hauna unene wa kudanganya jicho. Jumla tuliacha milimita 1.5 kwa ndani. Tairi za 185/60R13 zilijazwa upepo wa psi 28 mbele na 26 nyuma.

Njia ya Mtwapa hadi Kikambala, kwa kilomita 80 kwa saa, DX ilipiga breki ikiwa imenyooka, mikono ya Ami ikiwa imelegea kwenye usukani. Pua iliingia kwenye kona ingawa bado kwa uzito kidogo, na hilo ni la tairi pana zaidi siku atakayokuwa na rimu zake. Baada ya kilomita 500 ilirudi ikazwe upya. Bolti za rodi ya Panhard zilikuwa hazijalegea, toini imehama nusu milimita upande wa kushoto, tukairudisha.